Kilo Kumi na Saba

"Panda," Mkaguzi alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Umeuliza daraja la gari linapatikanaje. Siwezi kukuonyesha kwa gari tupu. Hapa kwetu gari bila mtu ndani ni bati tu."

Mpelelezi aliinama, akajipenyeza kwenye kiti cha dereva huku mkoba wake wa mafaili ukiwa mapajani. Lilikuwa gari dogo jeupe ambalo klabu ililitumia kufundishia wanachama wapya. Chini ya kila gurudumu kulikuwa na bamba bapa lenye upana wa sinia la chai, na kutoka kila bamba waya ulikwenda mpaka kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya benchi. Kisanduku kilionyesha namba nne, na chini yake jumla.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Siku nane zilikuwa zimepita tangu gari la bluu lishindwe kushika breki kwenye kona ya tatu, katika mbio za mwisho za msimu, na kukivamia kibanda cha bendera. Mzee wa bendera alikufa palepale. Alikuwa tarishi mstaafu, na alikuwa amesimama kwenye kona ile miaka kumi na mmoja bila kulipwa chochote. Dereva, mkata vioo ambaye mbio zilikuwa burudani yake ya mwisho wa wiki, alivunjika miguu yote miwili. Chini ya pedeli ya breki polisi walikuta kipande cha risasi, ile metali laini nzito, kimejikita kama kabari.

Tangu Ijumaa, Fundi aliyelitengeneza gari lile alikuwa mahabusu. Alikuwa pia shemeji wa Dereva, mdogo wake mke wa Dereva. Kesho saa mbili asubuhi angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe.

"Una leo tu," Mkuu wake wa kituo alikuwa amemwambia Mpelelezi kwenye simu. "Gari limefungwa vyuma na fundi, chuma kimetoka, mtu amekufa. Sasa wewe unatafuta nini tena?"

Alikuwa hajui anatafuta nini. Alijua tu kwamba uzito ambao Fundi aliufunga ulikuwa bado mahali pake.

"Mzee wangu, nieleze polepole," alisema sasa. "Hesabu mimi nimezijua ukubwani."

Mkaguzi alicheka kidogo. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kalamu tatu mfukoni. "Basi tuko wawili. Kwanza injini. Gari linawekwa kwenye rola, linakanyagwa mpaka mwisho, mashine inatoa idadi ya farasi. Lile la bluu ni farasi mia na thelathini. Kisha uzito. Tunapima gari na dereva ndani, na kofia yake, na mafuta ya kumaliza mbio. Unagawa uzito kwa farasi. Kila farasi akibeba kilo nane au zaidi, wewe ni daraja la tatu. Akibeba pungufu ya nane, unapanda la pili, unakwenda kukimbizana na wakubwa."

"Mia na thelathini mara nane. Elfu moja na arobaini."

"Umeona? Akipungua hapo hata kilo moja, daraja la tatu si lake. Na gari lake lilikuwa jepesi, kwa hiyo mwanzoni mwa msimu waliongeza uzito, kilo ishirini za risasi nyuma ya viti, katikati, bolti nne. Mimi mwenyewe nikapitisha waya na kupiga lakiri."

"Lakiri niliiona kwenye gari. Iko nzima."

"Kama nilivyoipiga. Nilimwambia Mkuu wako. Akaniambia nimwachie kazi yake."

"Na anayetaka kudanganya, anafanyaje?"

"Anapunguza. Yuko mmoja aliwahi kujaza maji kwenye mabomba ya fremu, akapimwa, akaenda kuyamwaga nyuma ya choo. Nilimshika kwa sababu choo chetu hakijawahi kuwa na maji mengi vile." Alicheka tena, kisha akaacha. "Miaka ishirini na miwili sijawahi kumkagua mtu aliyezidi. Wa nini? Mwizi anashikwa kwa kilichopungua."

"Na dereva mwenyewe akipungua?"

"Kanuni ipo. Akipungua au akinenepa zaidi ya kilo kumi, anapimwa upya, na analeta barua ya daktari. Lakini nani anaitumia? Wengi wetu tunanenepa, na hatusemi."

Mpelelezi aliutoa mkoba mapajani, akausogeza kushoto, akauweka sakafuni upande wa abiria. Kisanduku kikalia *tiki*, namba zikabadilika.

"Subiri," alisema. "Jumla imebadilika?"

"Haiwezi kubadilika. Hujashuka na hujapanda."

"Lakini hizi nne?"

"Hizo, ndiyo. Kulia kumepungua, kushoto kumeongezeka. Mkoba wako umehama."

Mpelelezi alibaki amekaa, mkono kwenye usukani. "Siku ya mbio uliandika jumla, au uliandika zote nne?"

"Klabu inataka jumla. Hizo nne naandika kwa mazoea tu. Mafundi wengine wanazipenda."

"Nionyeshe."

Faili lilitoka kwenye kabati la bati. Karatasi sita za gari la bluu, moja kwa kila mbio, zote kwa mwandiko uleule mdogo. Mpelelezi alishuka, akazipanga juu ya benchi. Mbio za kwanza, jumla 1042. Mbio za mwisho, jumla 1042. Mtu asingeona lolote hapo. Alichukua kalamu, akajumlisha magurudumu mawili ya kulia peke yake, na mawili ya kushoto peke yake, akarudia ili asikosee.

Mbio za kwanza, kulia 532, kushoto 510. Mbio za mwisho, kulia 526, kushoto 516.

Alijumlisha vivyo hivyo karatasi za mbio za katikati. Kulia kulikuwa kumeshuka kidogo kidogo, kuanzia mbio za tatu.

"Kilo sita zimehama," alisema. "Inawezekana ni springi? Fundi amekaza springi moja?"

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa. Alikuwa hana haraka tena. "Hapana. Springi inahamisha uzito mshazari. Ukipandisha ya mbele kulia, na gurudumu la nyuma kushoto linabeba zaidi. Ukijumlisha upande mzima, unapata kilekile. Hii si springi." Alipitisha kidole juu ya karatasi. "Kuna kitu kimewekwa kushoto. Na kuna kitu kimetoka kulia, kwa kiasi kilekile. Na ni zaidi ya kilo sita, maana vya ndani ya gari haviko juu ya magurudumu: kilo mbili zikihama upande, hapa inaonekana kama moja. Mimi nilikuwa naiandika hii kila mara, na sikuiona."

"Kulia kuna nini cha kutoa?"

"Betri iko nyuma katikati. Tangi katikati. Kulia kuna kiti." Alifikiri. "Labda wamebadilisha kiti, wameweka chepesi."

"Naomba faili hili lote."

"Chukua. Na afande..." Mkaguzi alishika ukingo wa benchi. "Yule mzee wa bendera tulikuwa tunakula pamoja. Kila siku ya mbio, mimi na yeye, hapa hapa. Ukijua, uniambie wewe. Nisije nikasoma gazetini."

*

Daktari wa Meno alikuwa nje, anapakia matairi kwenye gari la kubebea mizigo. Alikuwa wa pili katika daraja la tatu msimu mzima, nyuma ya gari la bluu, na siku tatu kabla ya ajali aliiandikia klabu barua akidai gari lile lipimwe upya. Shahidi mmoja alikuwa amemwona asubuhi ya mbio ameingiza kichwa ndani ya gari la bluu. Mkuu mwenyewe alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maelezo hayo, kabla hajaamua kwamba Fundi anatosha.

"Nilikutegemea juzi," Daktari alisema bila kuacha kazi. "Kila mtu hapa ananitazama kama nimetoka kuzimu."

"Ulikuwa na kinyongo naye?"

"Nilikuwa na wivu. Kinyongo ni kitu kingine. Mtu ananipita kila tunapotoka kwenye kona, na magari yetu ni toleo moja, farasi walewale. Nikasema huyu amekuwa mwepesi, apimwe. Wakampima, akatoka na kilo zake kamili. Nikanyamaza."

"Kichwa chako kilikuwa kinatafuta nini ndani ya gari lake?"

Daktari alitua tairi chini, akalikalia. "Afande, hebu fikiri. Nikitaka kumharibia, nafanya nini? Namtolea uzito, apimwe, aonekane pungufu, atupwe daraja la pili. Sasa mimi nimwongezee risasi? Huko si kumharibia, ni kumsaidia. Mimi si mtu mwema kiasi hicho."

Mpelelezi alikiri moyoni kwamba hesabu hiyo haikuwa na tundu. Risasi iliyozidi ilikuwa na faida kwa mtu mmoja tu.

"Hujajibu. Ulikuwa unatazama nini?"

"Kiti."

"Kimebadilishwa?"

"Kiti ni kilekile. Kulikuwa na mto. Mto wa kitambaa, umeshonwa vizuri, umewekwa nyuma ya mgongo. Nikamtania. Nikamwambia, mzee, umeanza kukalia mito kama bibi harusi? Kwa kawaida angenirudishia matusi mawili na salamu za mama yangu. Siku ile alinitazama tu, akafunga mlango."

"Hukushangaa?"

Daktari alitazama mikono yake. "Mimi ni wa meno. Mwili mwingine wote una wenyewe."

*

Mabaki ya gari la bluu yalikuwa uani kwa polisi, yamefunikwa turubai. Mpelelezi alivaa glavu, akaanza na kiti. Hakikuwa kimebadilishwa. Lebo ya kiwandani ilikuwa palepale, imefubaa kama kiti chenyewe. Mto haukuwapo. Orodha ya vielelezo ilisema ulikwenda na majeruhi kwenye gari la wagonjwa, chini ya kichwa chake.

Alinyoosha mikanda. Ilikuwa mipana, ya rangi nyeusi, na kila mmoja ulikuwa na kifungo cha kukazia. Mahali kifungo kinapobana, mkanda huacha alama, mkunjo uliochakaa. Kwenye mkanda wa kiunoni alama hazikuwa moja. Zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, imekaa hapo misimu mingi. Ya pili ilikuwa vidole viwili ndani yake. Ya tatu, ya nne. Alipima kwa rula kutoka ya kwanza hadi ya nne, akaandika. Sentimita kumi na tisa.

Kisha akanyanyua zulia la mpira upande wa abiria.

Vipande vitatu vya risasi vilikuwa vimelala pale bapa, ubavu kwa ubavu. Havikuwa na bolti wala tundu. Vilikuwa vimegandishwa kwa gundi nyeupe inayopitisha mwanga, imekauka ngumu kama ukucha, na ukingo wake ulikuwa umelainishwa kwa kidole, sawasawa kabisa, kama unavyoonekana kwenye dirisha jipya. Alitumia bisibisi na dakika ishirini kuving'oa.

Alipiga magoti, akaingiza tochi chini ya kiti cha dereva. Sakafu ilikuwa na mstatili mwingine wa gundi ileile, bila kipande juu yake. Aliigusa. Pembeni ilikuwa imekauka. Katikati ilikuwa imebonyea, na juu yake vumbi la siku nane lilikuwa limenasa kama nzi kwenye asali. Kipande kilitoka juu yake kabla haijashika.

Katika chumba cha vielelezo kulikuwa na mizani. Aliweka vile vitatu, vikafika karibu kilo kumi na tatu, kisha cha nne, kile cha chini ya breki. Vinne pamoja vilikuwa kilo kumi na saba kasoro kidogo sana.

Alifungua faili la klabu kwenye ukurasa wa leseni ya Dereva. *Uzito wa mwombaji: kilo 79.* Alikaa kwenye kiti cha mtunza vielelezo, akafumba macho kwa muda wa kuomba neno moja fupi. Kisha akaomba ufunguo wa mahabusu.

*

Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Kijana wa miaka thelathini hivi, kucha nyeusi za kazi. Bakuli la chakula alicholetewa na dada yake lilikuwa pembeni, halijafunguliwa.

"Huli?"

"Nitakula, afande. Chakula cha dada hakiozi, kinaogopa."

"Nataka uniambie kitu cha kazi. Ukitaka kuongeza uzito kwenye gari, unaushikiza kwa nini?"

"Bolti. Unatoboa sakafu, unaweka bamba la chuma kwa chini, bolti inapita, nati mbili. Hata kama gari litageuka juu chini, huo utabaki. Nimeshawaambia hivyo mara saba."

"Hutumii gundi?"

"Gundi?" Alikunja uso kama aliyetukanwa. "Gundi ni ya viatu."

"Gundi ya vioo. Nyeupe, inapitisha mwanga. Ukingo umelainishwa kwa kidole."

Fundi alitoa mgongo ukutani. Kwenye chumba cha jirani mtu alikuwa anakohoa.

"Inachukua muda gani kukauka, ile?"

"Siku nzima," Fundi alisema polepole. "Shemeji husema, ukiipa siku nzima, hata tembo hang'oi dirisha."

"Na ukiipa saa mbili?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Nani humfunga mikanda kabla ya mbio?"

"Mimi."

"Basi mkono wako ulijua."

Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimwambia, shemeji, unakwisha. Mwezi wa sita nilimwambia. Akasema ameacha sukari. Nikamwambia, sukari gani hiyo iliyokuwa inakaa mabegani?" Akanyanyua kichwa. "Afande, andika ni mimi."

"Niandike nini?"

"Kwamba niliweka mimi, nikasahau kufunga. Ni kweli ningepaswa kuangalia chini ya zulia. Yeye ana watoto wawili na mgonjwa ni yeye. Mimi sina hata paka. Nikikaa ndani miaka miwili, hakuna mtu atakayelala njaa."

"Na mke wa mzee wa bendera? Nikaketi mbele yake nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Nimdanganye mjane, ili umsitiri shemeji yako."

Mpelelezi alisimama, akamsogezea bakuli kwa mguu.

"Kula. Siandiki uongo, hata wa mtu mwema."

*

Wodi ya mifupa ilikuwa ghorofa ya pili. Dereva alilala peke yake kwenye chumba kidogo cha mwisho, miguu yote imening'inizwa kwenye kamba. Chini ya kichwa chake kulikuwa na mto wa kitambaa cha maua, mnene, umeshonwa kwa uzi mara mbili. Mkewe alikuwa kando ya kitanda anamenya chungwa. Alikuwa mshonaji, na tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake, ameisahau.

"Dada, naomba unipishe kidogo na mgonjwa," Mpelelezi alisema. "Si muda mrefu."

"Kuna habari za mdogo wangu?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mwanamke aliweka chungwa kwenye sahani, akatoka. Mlango uliburura sakafu, ukabaki na upenyo.

Mpelelezi alivuta kiti. Hakutoa daftari. Alitoa karatasi mbili za Mkaguzi, akaziweka juu ya shuka, karibu na mkono wa Dereva.

"Kaka, hii ni ya mbio za kwanza. Hii ni ya mwisho. Jumla ni moja."

"Nilikuwa kwenye daraja langu," Dereva alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kila mara. Sijawahi kuiba."

"Hujaiba. Kushoto kumeongezeka, kulia kumepungua. Kiti ni kilekile. Betri ileile. Mkanda wa kiunoni umeingia ndani sentimita kumi na tisa. Nimepima vipande vyako vinne, ni kilo kumi na saba. Nikiomba hospitali wanionyeshe walichokupima ulipoingia, wataniandikia sitini na mbili?"

Dereva alitazama dari.

"Wahenga walisema nini kuhusu mficha maradhi?" Mpelelezi aliuliza.

"Wahenga hawakuwa na leseni ya mbio."

Alitabasamu, na uso wake ukaonekana mfupa kwa mfupa. Tabasamu halikukaa.

"Ni tumbo," alisema. "Kuna uvimbe. Nimeambiwa mwezi wa nne. Kilo kumi zikishuka, ni lazima barua ya daktari, na daktari angeandika nini? Leseni ingekwenda. Na huyu nje ya mlango angejua. Mbio sita tu, nikasema. Nimalize msimu, kisha niseme yote. Kila kilo niliyopoteza niliirudisha kwenye gari. Nilikuwa najipima nyumbani alfajiri kabla hajaamka."

"Kipande cha nne?"

"Wiki ile zilishuka nne kwa mpigo. Kushoto kulikuwa kumejaa. Nikakibandika chini ya kiti changu asubuhi ileile. Najua gundi ile. Nimefunga madirisha nayo maisha yangu yote, sijawahi kudondosha hata moja. Lakini dirisha halipigi breki."

"Ulikisikia?"

"Mguu ulikanyaga jiwe. Nilimwona mzee amenyanyua bendera. Hakukimbia. Alikuwa ananipungia mimi nipunguze mwendo."

Mpelelezi alisema, "Fundi yuko ndani tangu Ijumaa."

"Mimi sijamtaja. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ni yeye."

"Hukusema kwamba si yeye."

"Kila nikilala naomba niamke na ujasiri. Naamka, najiambia, leo. Anaingia mke wangu na chakula, cha kwangu mkono huu, cha mdogo wake mkono huu, na nashindwa."

"Kaka, umeomba siku nane. Labda jibu ndilo hili, nimekaa hapa na karatasi." Mpelelezi alitoa fomu ya maelezo na kalamu. "Kesho saa mbili asubuhi anasomewa shtaka. Ameniomba niandike kwamba ni yeye. Ameshajua."

Dereva aligeuza uso ukutani. "Mwite mke wangu kwanza. Acha nimwambie mwenyewe, kabla ya serikali."

Hakukuwa na haja ya kuita. Mlango ulisukumwa, ukaburura tena.

"Nimesikia," mwanamke alisema. "Huu mlango haufungi."

Alikuja mpaka kwenye kitanda, akasimama upande wa karatasi.

"Nimepunguza suruali zako mara tatu tangu mwaka uanze," alimwambia mumewe. "Ulidhani nafikiri kitambaa kinakua?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakusubiri. Ukaniambia kiti cha gari kinakuumiza mgongo, nikakushonea mto. Nilipoupima mgongo wako kwa mikono nilijua. Nikamwomba Mungu uniambie wewe, nisiambiwe na daktari." Alishika tepu shingoni, kama ndiyo kwanza anaigundua, akaivua. "Ugonjwa niliujua. Risasi sikuijua. Mdogo wangu analala kwenye saruji siku ya tatu leo, nawe unanitazama nikimfungashia chakula. Hilo sikulijua."

"Mama watoto..."

"Tutalia baadaye. Nitalia na wewe, sikukimbii. Sasa hivi kaa vizuri."

Aliingiza mkono chini ya mabega yake, akamnyanyua bila shida, kama anavyonyanyuliwa mtoto, akausukuma ule mto nyuma ya mgongo wake. Akachukua kalamu kwenye mkono wa Mpelelezi, akaiweka kwenye vidole vya mumewe na kuvikunja juu yake kimoja kimoja.

Dereva alitazama fomu. Mistari ilikuwa mingi. "Naanzia wapi?"

"Unapopenda," Mpelelezi alisema. "Jina lako, tarehe..."

"Anza na mzee wa bendera," mkewe alisema. "Mwandike yeye kwanza."

Dereva aliandika jina la marehemu lote, herufi moja baada ya nyingine. Alipomaliza alitazama karatasi iliyobaki, kisha akamtazama Mpelelezi.

"Nafasi itatosha?"

"Itatosha," Mpelelezi alisema, akaishikilia fomu pembeni isiteleze.